Kuku Niliyemzika Mahali pa Mama Mkwe

Pale Rodi Kopany siku ya soko kuna mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye mpaka leo akiniona anainamisha uso kwenye karai lake na mabega yanaanza kumtetemeka, na mimi najua anacheka nini, wala simlaumu, kwa sababu mimi ndiye yule mke wa Ouma aliyeitishia kuku matanga. Ndiyo, kuku. Watu wakalia, gogo likawashwa, viti vya kanisa vikapangwa uwanjani, wazee wakaja na fimbo zao, na aliyekuwa ndani ya kaburi ni kuku. Nimeona aibu nyingi maishani (niliwahi kuvaa sketi nje ndani kanisani siku niliyopewa somo nisome), lakini hiyo ya kuku ndiyo mama yao, na ningekuwa na uwezo ningehama hata jina. Ila kuna kipande cha mkasa huu ambacho yule mama wa omena huwa hakicheki, kwa sababu alikuwepo, alikisikia kwa masikio yake, na kikifikiwa anajifanya anahesabu magunzi ya mahindi ya jirani.

Basi ngoja nianze mwanzo. Mimi naitwa Robi, Mkuria wa Ntimaru, nimeolewa huku kwa Wajaluo, na hapa hakuna anayeniita Robi, wananiita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, kana kwamba Ntimaru nzima ilinizaa. Kijaluo changu kinatosha kununua nyanya na kuomba radhi. Kwa hiyo mimi na mama mkwe wangu, Mama Peres, tunaongea Kiswahili, yeye chake cha sokoni na mimi changu cha shule, na tukikwama tunamalizia kwa mikono. Mume wangu Ouma ni fundi wa kujenga. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alifariki miaka minne iliyopita kabla sijaolewa, na kaburi lake liko pale kando ya nyumba ya Mama, limesakafiwa simiti, na mimi kila asubuhi nikifagia uwanja nalizunguka kwa mbali, maana kwetu mke wa mtoto hakaribiani hovyo na baba mkwe, hata kupishana naye njiani ni shughuli. (Likumbukeni hilo, mtaona jinsi nilivyolisahau mwenyewe.)

Sasa Sista. Sista alikuwa kuku wa Mama, mweupe mwili mzima na kichwa cha kijivu, na Mama alimpa hilo jina kwa sababu alifanana na masista wa misheni ya Asumbi wakiwa wamevaa kitambaa chao. Hakununuliwa, hakuletwa, hakuanguliwa pale. Wiki ile ile waliyomzika mzee, alitokea. Mama alikuwa ameketi ndani peke yake jioni, jua linazama, akasikia mlango wa mabati unadonolewa mara tatu, ko, ko, ko, akafungua, kuku akaingia bila hata kuangalia pembeni, akaenda moja kwa moja chini ya kitanda upande aliokuwa akilala mzee, akatulia. Waliuliza kwa majirani wote, waliuliza mpaka sokoni, hakuna aliyepotelewa na kuku mweupe. Kuanzia siku hiyo kila jioni ni hivyo hivyo: mchana anazurura na wenzake, jua likifika pale juu ya kilima anatoka kwa wenzake, anakuja mlangoni, ko, ko, ko. Mama hafungui kabla hajadonoa mara ya tatu. Mimi nilipokuja kuolewa niliambiwa habari hiyo nikacheka ndani kwa ndani, halafu jioni ya kwanza nikaisikia mwenyewe nikaacha kucheka.

Mwaka jana Mama akapatikana na uvimbe tumboni, ikabidi apelekwe Migori apasuliwe. Ouma akaenda naye. Jumatano alfajiri gari limesimama langoni, Mama tayari ameketi ndani, begi limefungwa, akashuka tena. Tukadhani amesahau kitambulisho. Akanishika mkono.

"Nyar Ntimaru, hiyo kuku yangu, usiache ilale nje."

"Sitaacha, Mama."

"Hata mvua ikinyesha, hata ukiwa na usingizi. Akibisha unafungua."

"Nitafungua."

"Akiwa mzima, mimi najua nyumbani ni salama," akasema, akarudi garini, na sikuona akigeuka nyuma. Mimi nikabaki langoni na ufunguo wa nyumba yake mkononi, najiona nimepewa kazi rahisi kuliko zote duniani.

Alhamisi saa sita mchana Sista akafa.

Hakuugua. Asubuhi nilimwona anakula vizuri, anawafukuza majogoo kwa zile hasira zake za kiutawala. Saa sita nilikuwa nafua, jua kali, uwanja mzima kimya, halafu nikagundua kwamba kimya kimezidi, si kile cha mchana cha kawaida ambacho hata ukikisikiliza kuna kuku anajikuna mahali, hiki kilikuwa kimekamilika. Nikainua kichwa. Kuku wetu wote, kumi na kitu, walikuwa wamesimama katikati ya uwanja juani, hawadonoi, hawatembei, wote wametazama mlango wa Mama. Nikaenda. Sista alikuwa amelala kizingitini, kichwa kimeelekea ndani, ubavu kwa mlango uliofungwa. Nilimgusa, bado ana joto. Hana jeraha, hana kamasi, hana damu, hata unyoya haujakaa vibaya. Macho yalikuwa wazi, na nitasema tu ukweli, sikupenda yalivyokuwa yakiangalia ule mlango.

Nimemshika hivi, mikono miwili, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Ouma. Nikapokea kwa kidole kimoja na bega, na sauti iliyotoka haikuwa ya Ouma, ilikuwa ya Mama, na hakunisalimia (mama ambaye hawezi kuomba chumvi kabla hajauliza habari ya watu wote wa Ntimaru).

"Nyar Ntimaru. Sista iko?"

Hapa ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa maneno sita. Kesho yake asubuhi alikuwa anaingia kupasuliwa. Alishaniambia akiwa mzima, yeye anajua nyumbani ni salama. Nikafikiri, nikimwambia sasa ataingia kule na moyo umeshakata tamaa, asitoke, na mimi ndiye nitakuwa nimemmaliza. Nilimpenda yule mama, na bado nampenda, ndiyo maana mdomo ulitangulia akili.

"Yuko, Mama. Anakula mchwa hapa nje," nikasema, na shingo ya Sista inaning'inia kwenye kiwiko changu.

Nikasikia magurudumu ya kitanda yanapita huko upande wake, na mtu anakohoa.

"Anakula mchwa," akarudia polepole.

"Eeh, Mama. Wengi."

"Haya," akasema. "Sawa tu." Simu ikakatika.

Sasa nina maiti na nina uongo, na vyote viwili vinahitaji kufichwa. Kumpika sikuweza, nani atamla? Kumtupa shambani, mbwa wa Mama Risper watamburuta mpaka kwa mwenye mbwa, na Mama Risper ni jirani wetu ambaye habari ikimfikia saa saba, saa nane iko Rodi na saa tisa imepanda gari. Kumtupa chooni, Mungu anisamehe, nilifika mpaka mlangoni mwa choo nikashindwa. Ikabaki kuzika. Nikachukua jembe, nikajaribu nyuma ya jikoni, ardhi ya kiangazi imekauka, jembe linaruka tu. Nikajaribu kwenye migomba, mawe. Nikazunguka boma lote na jembe, jasho linanitoka, Sista ananisubiri ndani ya karai nimemfunika na kapu, na mwisho nikakumbuka kwamba kuna mahali pamoja udongo ni laini, pale kando ya kaburi la mzee, upande wa kushoto, ambapo huwa wanang'oa majani kila mara na hawapandi kitu. Mimi nilidhani Ouma anataka kuweka maua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mzee mwenyewe kabla hajafa alipima hapo kwa hatua zake, akasema hapa ni mahali pa Peres, yaani atakapozikwa Mama siku yake ikifika.

Kwa hiyo nikaenda kuchimba ubavuni mwa baba mkwe. Mimi, Mkuria niliyelelewa vizuri, ninayelizunguka lile kaburi kwa mbali kila asubuhi na ufagio, sasa nimepiga magoti hapo na khanga imefungwa kiunoni. Nikachimba, nikakuta mzizi, nikasogea kidogo, mzizi ukanifuata, nikasogea tena, mpaka nilipopata kina cha kutosha shimo lilikuwa fupi upande mmoja na refu sana upande wa pili. Nikamfunga Sista kwenye leso ya zamani ya Mama niliyoitoa kwenye kamba ya nguo, ile ya samawati, kwa sababu niliona hata kwa uongo wangu nimpe heshima. Nikafukia. Udongo ukabaki mwingi, nikaurundika juu. Nikaweka mawe kuzunguka ili mbwa wasifukue, nikaweka miiba, na miiba haikukaa, nikachomeka kijiti kusimama na kingine nikakifunga kwa kulala ili kuishikilia. Halafu nikaketi hapo chini nikalia, nalilia kuku, nalilia Mama, nalilia pia mgongo.

Niliposimama kuangalia kazi yangu nilisema, afadhali, haionekani kama kitu. Jamani. Tuta la udongo mpya lenye urefu wa mtu aliyelala, kando ya kaburi la mzee, na mawe kuzunguka, na msalaba. Upande wa pili wa ua nilisikia ndoo inawekwa chini, nikageuka, nikaona tu kisigino cha Mama Risper kinaondoka haraka. Nikadhani ameona haya kunikuta nalia.

Jioni ile nilikuwa jikoni kwangu, hatua kama ishirini kutoka nyumba ya Mama, napuliza moto. Jua limefika pale juu ya kilima. Nikasikia ko.

Nikaacha kupuliza.

Ko.

Nikajiambia ni bati linapoa, mabati yakipoa yanalia, kila mtu anajua hilo. Lakini bati linalopoa halihesabu, na mimi nilikuwa nimeganda na kijinga cha moto mkononi nasubiri la tatu, na lilipokuja, ko, miguu yangu ikasimama yenyewe. Akibisha unafungua. Nilikuwa nimemwahidi. Nikaenda, nikatia ufunguo, nikafungua ule mlango wazi kabisa. Kizingitini hakukuwa na kitu. Nje kuku wengine walikuwa wamesimama kimya tena, lakini safari hii hawakutazama mlango, walitazama tuta. Nikasimama pembeni kidogo, upande mmoja, kama unavyompisha mtu apite. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Kisha upepo mdogo ukapita kwenye vifundo vya miguu, wa baridi, na jioni yenyewe ilikuwa ya joto. Nikafunga mlango, nikaenda kulala bila kula, na ule ugali nilioutengeneza asubuhi, kesho yake niliukuta haujaguswa na panya wala mende, jambo ambalo halijawahi kutokea jikoni kwangu.

Ijumaa asubuhi Ouma akanipigia saa moja na nusu: "Wanamwingiza saa mbili. Nazima simu, chaji inaisha, nitakupigia akitoka." Nikasema sawa. Nikaanza kufua nguo zilizobaki, ingawa zote zilikuwa safi.

Saa nne nikasikia nduru.

Kama hujawahi kusikia nduru ya huku siwezi kukueleza, ni sauti ya mwanamke anayelia huku anakimbia, na inakuja barabarani, na mwingine anaipokea, na mwingine. Nikasimama. Nikasema moyoni, maskini, nani amefiwa? Sauti zikakaribia, zikafika kwenye kona yetu, nikangoja zipite, hazikupita, ziliingia kwenye lango letu. Mbele ni Mama Risper mikono kichwani, nyuma yake wanawake wa kanisa wa Mama na vitambaa vyao vyeupe, nyuma yao yule muuza omena na wengine kutoka sokoni, wote wanaita, "Min Ouma! Min Ouma yaye!" Mama wa Ouma. Mama yetu.

Sasa nifikirieni mimi. Simu ya Ouma imezimwa. Mama yuko mezani anapasuliwa. Watu wanaingia kwangu wanamlilia. Ningewaza nini kingine? Nilisema tayari, amekufa, wamepata habari kabla yangu, na mimi ndiye nimemuua kwa uongo wangu wa mchwa. Nikaachia beseni, nikaanguka chini, nikapiga nduru ambayo mpaka leo wanawake wa pale wanaisifu. Na wao walipoona mke wa nyumba analia namna ile, kama walikuwa na shaka kidogo, ikaisha hapo hapo. Wao wanalia kwa sababu ya tuta, mimi nalia kwa sababu yao, wao wanazidi kwa sababu yangu, na kati yetu wote hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Ndani ya saa moja boma lilikuwa limejaa. Viti vya kanisa vikaja kwa mkokoteni. Sufuria zile kubwa zikatoka sijui wapi. Mzee Odongo, mdogo wake baba mkwe wangu na ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, akaagiza vijana waburute gogo uwanjani wakawasha magenga, ule moto wa nje unaowashwa mwenye boma akifa. Kisha pikipiki ikaingia kwa kasi na kabla haijasimama vizuri Waya Herina akaruka chini. Waya ni shangazi, dada yake mzee, ametoka Asumbi na kiatu kimoja (kingine kilianguka njiani akakataa wasimame). Akagaagaa kwenye udongo mbele ya mlango wa Mama, anamwita, "Peres, umeniacha na nani?" na mimi nikagaagaa karibu naye, tukashikana, tukalia mpaka sauti zikatukauka.

Halafu Mzee Odongo akagonga fimbo chini na watu wakanyamaza. Alikuwa na uso ambao sikuuelewa. Hakuwa na huzuni tu, alikuwa na hasira.

"Nyar Ntimaru," akasema, "sisi tumelia. Sasa tuambie. Kwa nini mlimzika mama yetu kisiri?"

"Kumzika?" nikasema. "Baba, si bado yuko Migori?"

"Migori ya nani? Hiyo ni nini?" Na fimbo ikanyooka.

Watu wote wakageuka kutazama tuta. Na mimi nikageuka. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikaliona kwa macho ya mtu mwingine, jamani, urefu ule, mawe yale, msalaba ule, na leso ya Mama kipande kidogo cha samawati kimechomoza kwenye udongo. Mama Risper akadakia, "Mimi niliona gari dogo hapa Alhamisi asubuhi, ndio alirudishwa nayo. Na saa saba huyu alikuwa hapo analia na jembe." (Lile gari lilileta gunia la unga.) Nyuma nikasikia mtu ananong'ona kwamba hawa watu wa Kuria hawajulikani, na mwingine akamnyamazisha, nami nikaelewa kwamba sasa si aibu tu, hapa naweza kupigwa.

"Ni kuku," nikasema.

Mzee Odongo akanisogezea sikio.

"Baba, ni kuku. Sista. Alikufa jana. Huyo ni kuku."

Hata mimi nilipojisikia sikujiamini. Mzee Odongo akasema kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kupigiwa kelele, "Hapo ni mahali pa Peres. Kaka yangu alipima mwenyewe. Hakuna mtu mwenye akili atazika hapo kuku, na Peres mwenyewe yuko hospitali." Akawageukia vijana. "Fungueni."

Wakachimba taratibu kwa mikono, wakitegemea kukutana na mama wa watu. Wanawake wakafunika midomo. Leso ikatokea. Wakaiinua, ikawa nyepesi mno, na kijana aliyeishika akaguna. Akafungua.

Ilikuwa karibu siku nzima imepita ardhini, wakati wa joto, na hakukuwa na harufu. Hakukuwa na siafu hata mmoja. Manyoya meupe kabisa, hayana vumbi, na yale macho bado wazi. Nilimweka akiwa ametazama juu, nakumbuka vizuri, nilimlaza chali na mabawa nikayakunja. Sasa alikuwa amelala kwa ubavu, kichwa kimeelekea nyumba ya Mama. Ningependa mtu aniambie kwamba udongo ulimgeuza. Mimi mwenyewe najiambia hivyo.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko cha puani, kikaenea, yule muuza omena akajikunja kabisa, na mimi nikasimama katikati ya boma langu na matope usoni, na kamasi, na Waya Herina ananitazama na kiatu chake kimoja, na nikaomba ardhi ile ile inifunike mimi. Simu ikalia.

Ilikuwa Ouma. Mzee Odongo akaninyang'anya, akaiweka kwenye spika, akainyoosha mbele ya watu.

"Robi, ameamka," Ouma akasema, sauti imechoka. "Daktari anasema imeenda vizuri, ila moyo ulisimama kidogo hapo saa nne, wakaurudisha. Sasa yuko sawa. Lakini tangu aamke anauliza nani analia nyumbani. Nimemwambia hakuna, ni dawa. Anakataa. Ongea naye."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Nilisikia gogo linavyopasuka motoni.

"Nani analia hapo kwangu?" Mama akauliza. Sauti ndogo, kavu. "Nimesikia tangu saa nne. Nimesikia Herina."

Waya Herina akatoa mlio ambao si nduru wala si neno. "Peres? Ni wewe?"

"Ni mimi. Kwani umetoka Asumbi kunililia, na hukuweza kunipigia simu?" Akavuta pumzi. "Mwambie Odongo arudishe Sista chini. Jua inamchoma."

Kijana aliyeshika leso aliiweka chini kwa haraka, akarudi nyuma hatua tatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama kitu. Ouma mwenyewe hakujua kwamba kuku amekufa. Nilitazama nyuso za watu mia na kidogo uwanjani pale na hakuna hata moja iliyonitazama, wote walikuwa wanatazama ile simu.

"Nyar Ntimaru, uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Uliniambia anakula mchwa."

Mbele ya watu wote, kwenye spika. Nikaanza kusema nisamehe, nikasema niliogopa, nikasema nilidhani utakata tamaa, maneno yanagongana. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilijua," akasema. "Jana saa sita alikuja hapa. Alisimama mlango ya wodi, akaniangalia, akageuka, akaenda zake. Ndiyo nikakupigia. Sikutaka kuuliza, nilitaka tu useme. Useme amekufa, tulie mimi na wewe kidogo, halafu niingie huko." Akapumua tena. "Ukaniacha nikaingia peke yangu."

Hapo ndipo nilipolia kilio changu cha kweli, na hakikuwa na sauti yoyote.

Sista alirudishwa pale pale. Mzee Odongo alisema mahali hapo pakishafunguliwa hapafungwi patupu, na hakuna aliyebisha, hata mchungaji aliyekuwa amefika kwa ajili ya mazishi ya mtu alivua kofia tu. Walimzika wanaume, vizuri, kimo cha kuku, bila miiba na bila msalaba. Na kwa vile mchele ulikuwa tayari motoni, watu walikula kabla ya kurudi nyumbani. (Waya Herina alikula mara mbili, akasema ya pili ni ya kiatu kilichopotea.)

Mama alirudi baada ya wiki mbili, mwembamba, anatembea kwa fimbo. Nilimngoja langoni, niko tayari kurudishwa Ntimaru na masanduku yangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta, akalitazama, akatazama kaburi la mzee, akasema, "Sasa mimi mtaniweka wapi?" akacheka mpaka akashika mshono, na mimi sikuthubutu kucheka. Kisha akanishika mkono pale pale alipokuwa ameushika Jumatano ile, akaniambia nimpeleke ndani.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitachimba tena shimo lolote huku bila kumuuliza mwenye boma, hata la kupanda sukuma wiki. La pili ni lile la mchwa, kwamba Mama akiniuliza kitu nitamwambia kilivyo, kiwe kinaumiza au hakiumizi. Nilidhani la pili ndilo rahisi.

Maana jioni hizi jua likifika juu ya kilima mimi na Mama huwa tuko ndani kwake, mlango umefungwa, yeye kitandani na mimi kwenye kigoda namenya viazi. Mlango unadonolewa, ko, ko, nami naendelea kumenya. Ikifika ya tatu naweka kisu chini, naenda, nafungua, nasimama pembeni.

"Nyar Ntimaru," Mama anauliza nyuma yangu, "Sista iko?"

Na mimi naangalia kizingiti kile kitupu kwa muda mrefu, kwa sababu niliapa.

"Simwoni, Mama," nasema. "Lakini nimesikia akibisha."